Bridi ya mdomo wa tanki la mvuke: tuchague iliyofuliwa, si ya kukatwa mu tole



Msimu uliopita tulifika mu koperative moja ya mawese, kando ya ziwa Tanganyika. Mikungu ya ngazi ilikuwa imelundikwa tangu jana yake, na wakulima wengine walikuwa wangali njiani na mizigo. Tanki la kupikia ngazi kwa mvuke lilikuwa mu kazi, manometre inaonyesha baa 3. Lakini pale tiyo ya mvuke inapoingia mu tanki, mvuke ulikuwa unapiga mluzi. Fundi alikuwa ameongeza kipande cha tiyo ku ufunguo wake ili apate nguvu, anakaza buloni. Alikaza, mluzi ukapungua. Kisha dakika chache ukarudi, na sasa mkubwa zaidi.

Mama mtunza feza akauliza komite neno moja: « Kama tunasimamisha leo, ngazi zitaharibika. Kama hatusimamishi, ni nani kati yetu atasimama pale karibu? »

Hakuna aliyejibu. Moto ukazimwa. Saa tanki lilipopoa na presio ikafika zero, buloni zilifunguliwa na kila mtu akaona. Ule mduara wa chuma unaounga tiyo na tanki ulikuwa umekatwa kwa shalimo mu kipande cha tole nene. Karibu na kovu la kuchomelea, chuma kilikuwa kimeachana kwa matabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowa maji. Buloni zilikuwa nne, na mbili kati yake zilitoka ku gari.

Makala hii ni juu ya ule mduara. Mafundi wetu wanauita bridi. Wale wanaonunua Kampala ao Nairobi watausikia ukiitwa flanji. Ni kitu kile kile. Ni kitu kidogo mu faktira ya mashine nzima, na njo maana komite nyingi hazikitazami. Wanaangalia ukubwa wa tanki, rangi yake, bei yake. Bridi wanamwachia sudere.

Mdomo ni mahali pa udhaifu

Tanki lenye kufungwa na kujaa mvuke linasukumwa kutoka ndani pande zote sawasawa. Mwili wake wa mviringo unabeba kazi hiyo vizuri. Lakini tanki halina faida bila midomo: moja ya kuingiza mvuke, moja ya kutoa maji, moja ya supapu ya usalama, moja ya manometre. Kila mdomo ni tundu lililokatwa mu mwili, na tundu linapunguza nguvu ya chuma pale pale. Kisha tunachomelea kipande cha tiyo, na mwisho wa tiyo tunaweka bridi ili ifungwe kwa buloni na bridi ya upande wa pili.

Tupige hesabu kidogo. Tiyo yenye tundu la sentimeta 10 iko na eneo la sentimeta za mraba karibu 78. Baa 1 inasukuma kwa karibu kilo 1 kila sentimeta ya mraba. Kwa baa 3, mvuke unasukuma mdomo ule kwa nguvu ya kilo zaidi ya 230, kama magunia mawili ya kilo 100 na kilo 30 juu yake. Tena nguvu haiishii ku tundu. Inasukuma mpaka pale gasketi inaziba, na huko eneo ni kubwa zaidi. Buloni nazo zinavuta bridi siku zote, hata tanki likiwa baridi. Bridi inakunjwa kati ya nguvu hizi mbili.

Na mvuke si kama maji ya bomba. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke mu hewa ya kawaida inakuwa lita zaidi ya 1,600. Kwa baa 3, mvuke uko na joto la digri karibu 143. Maji ya moto yaliyo ndani, presio ikiondoka ghafula, yanachemka yote mara moja. Njo maana tanki la mvuke likipasuka halivuji tu: linaruka, na mlango wake unaruka.

Kufua na kukata

Wale wanaochonga mipini ya shoka wataelewa jambo hili haraka kuliko mainjinia. Mpini unachongwa ukifuata nyuzi za mti. Ukikata mpini kwa kuvuka nyuzi, utakuwa na sura nzuri ile ile, lakini pigo la kwanza linauvunja.

Chuma nacho kina nyuzi zake. Tole inatengenezwa kwa kupitisha chuma cha moto kati ya magurudumu mazito. Uchafu mdogo ulio ndani yake unapondwa na kuwa bapa, unalala kama majani makavu kati ya matabaka. Ukivuta tole kwa urefu wake, iko na nguvu sana. Ukiivuta kwa unene wake, yaani juu na chini, matabaka yanaweza kuachana. Sasa angalia bridi ya kukatwa mu tole: tiyo imechomelewa ku uso wake, na presio inavuta uso ule kwa upande wa unene. Tumevuta mahali pabaya kabisa. Njo vile zile kurasa za kitabu zilivyotokea.

Bridi iliyofuliwa inatoka mu kipande cha chuma kilichopashwa moto na kupigwa ao kubanwa mu kalibu mpaka kipate umbo, kama jembe la mhunzi wetu. Pigo linafunga matundu madogo ya ndani, na nyuzi zinazunguka na kupanda kufuata umbo la bridi, mpaka mu shingo yake. Jembe la kufuliwa na jembe la kukatwa mu tole ya futi, nyote mnajua lipi linarudi nyumbani jioni.

Kuna aina ya tatu: bridi ya kumiminwa, hasa ya chuma cha chungu, ile ya kijivu ambayo ikivunjika inaonyesha chembechembe. Hii haipindi, inavunjika kama mtungi. Utaikuta ku vane nyingi za zamani. Kama mu tanki lenu kuna vane ya chuma cha chungu yenye uso bapa, usiikaze na bridi ya kufuliwa yenye uso ulioinuka. Buloni zitavuta ukingo ambao hauna kitu cha kuegemea, na chuma cha chungu kitapasuka siku hiyo hiyo. Lazima uso ulioinuka uondolewe ku mashine ya kuchonga na gasketi ifunike uso wote. Ao, vizuri zaidi, mbadilishe vane.

Niseme pia ukweli wa upande wa pili, juu sudere mwenye akili ataniuliza. Kanuni za Ulaya zinakubali bridi bapa za tole kwa kazi fulani, na kifuniko kisicho na tundu kinaweza kutoka mu tole. Lakini hiyo ni tole iliyopimwa kiwandani, yenye cheti. Tole iliyotoka ku chasi ya lori hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Na bridi yenye shingo haikubaliwi kuchongwa mu tole, kwa sababu ya zile nyuzi tu.

Yenye shingo ao ya kuvalishwa?

Sokoni mtapewa umbo mbili zaidi. Ya kuvalishwa inapita juu ya tiyo kama pete, inachomelewa nje na ndani. Iko na bei ndogo na ni rahisi kuipanga. Ya shingo iko na koo refu linalopungua unene polepole, na inaungana na tiyo ncha kwa ncha, kovu moja tu, ambalo mtu anaweza kulipiga picha ya miale na kuona ndani yake.

Kwa hesabu ambazo mainjinia wanazitumia tangu zamani, ya kuvalishwa inabeba presio kama theluthi mbili ya ile yenye shingo. Kwa baa 3 hiyo ingetosha kabisa. Shida iko kwingine: kuchoka. Shodieri inawashwa asubuhi na kukaa na joto lake mpaka jioni. Tanki la ngazi halipumziki hivyo: linajazwa, linapandishwa presio, ngazi zinaiva kwa saa moja ao moja na nusu, presio inaondolewa, mlango unafunguliwa, kisha tunaanza tena. Mara nne ao tano kwa siku, msimu mzima, mdomo unapanuka na kurudi. Waya wa chuma ukiukunja mara moja haukatiki. Ukiukunja na kuukunjua mara nyingi, unakatika mkononi. Katika kuchoka huko, maisha ya bridi ya kuvalishwa yanahesabiwa kuwa kama theluthi moja ya maisha ya ile yenye shingo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mdomo wa kuingiza mvuke, mdomo wa kutoa maji ya moto na mdomo wa supapu ya usalama, wekeni zenye shingo. Feza ikipunguka, ya kuvalishwa iende ku midomo midogo isiyopata mshituko, na ichomelewe pande mbili. Ile tuliyoikuta kando ya ziwa ilikuwa imechomelewa nje tu.

Namba 150 si baa 150

Hapa wauzaji wengine wanatupotosha, na wengine wao wenyewe hawajui. Mwaka 1905, mu mji wa Brockton kule Marekani, shodieri ya kiwanda cha viatu ilipasuka na kuua watu 58. Jimbo lao la Massachusetts likaweka sheria mwaka 1907, na shirika la mainjinia linaloitwa ASME likatoa kitabu chake cha kwanza cha kanuni za shodieri, toleo la mwaka 1914. Ni shirika lile lile ambalo leo kanuni yake, B16.5, inapanga bridi kwa madaraja: 150, 300, 600 na kuendelea.

Daraja 150 ni jina tu. Bridi ya daraja hilo, ya chuma cha kufuliwa A105, inaruhusiwa baa 19.6 ikiwa baridi. Joto likipanda, ruhusa inashuka: kwa digri 150 ni baa 15.8, kwa digri 200 ni baa 13.8. Tanki la baa 3 lenye digri 143 liko ndani kabisa ya ruhusa hiyo. Hata shodieri ya baa 10, yenye mvuke wa digri karibu 184, iko ndani. Basi mtu akiwaambia kwamba kwa mvuke lazima daraja 300, anataka feza yenu. Tena buloni za 300 haziendi pamoja na za 150.

Bridi za Ulaya zinahesabiwa kwa PN. PN 16 maana yake baa 16 ikiwa baridi, nayo inashuka kwa joto vilevile.

Pimeni matundu kabla ya kulipa

Jambo hili limepotezea koperative nyingi majuma mazima. Huku kwetu kuna jamaa tatu za bridi, na zinafanana kwa macho. Mashine za zamani zilizotoka Ubelgiji ziko na bridi za PN. Mashine mpya nyingi zinafuata B16.5. Na vifaa vinavyopita Uganda, Kenya ao Tanzania mara nyingine vinafuata kanuni ya zamani ya Waingereza, ile wanaiita Table D ao Table E.

Chukueni tiyo ya inchi 2. Pimeni duara linalopita katikati ya matundu ya buloni: B16.5 daraja 150 ni milimeta 120.7, PN 16 ni 125, Table E ni 114. Zote tatu ziko na matundu manne. Kwa inchi 4, duara ni 190.5 kwa daraja 150, 180 kwa PN 16, na 178 kwa Table E, zote na matundu manane.

Angalieni hiyo 180 na 178. Buloni zitaingia kwa kulazimisha kidogo. Fundi atapanua tundu moja mbili, atapiga nyundo, atasema imekaa. Haijakaa. Buloni zimesimama mshazari, gasketi imebanwa upande mmoja, na mvuke utajua njia. Tundu la bridi halipanuliwi. Likikataa, bridi si yake.

Basi kabla ya mjumbe kupanda gari kwenda Bujumbura, Lubumbashi ao Kampala, afungue bridi ya upande wa pili, apime kipenyo cha nje, duara la buloni, idadi ya matundu na upana wa kila tundu. Aandike ku karatasi. Njia rahisi zaidi ni kuchora: aweke kartoni juu ya bridi, apitishe penseli mu matundu yote, akate, na asafiri na ile kartoni. Muuzaji hawezi kubishana na kartoni.

Maandishi ku ukingo

Bridi iliyofuliwa ya kweli iko na maandishi yaliyogongwa ku ukingo wake, si ya rangi: jina ao alama ya kiwanda, B16.5 ao EN 1092-1, ukubwa, daraja ao PN, jina la chuma kama A105, na namba ya kuyeyusha. Hii ya mwisho njo ya maana zaidi. Inaonyesha chuma kilitoka mu tanuru gani na siku gani, na inapaswa kuwa sawasawa na namba iliyo ku cheti. Ombeni cheti cha aina 3.1. Muuzaji akileta cheti chenye namba nyingine, ao akisema « vyeti vyote ni sawa », rudisheni mzigo.

Bridi isiyo na maandishi inaweza kuwa nzuri. Lakini hakuna mtu sokoni anayeweza kuwahakikishia hilo, na tanki la presio halifungwi kwa kubahatisha. Ukingo uliosagwa mpaka ukang'aa, pale maandishi yalipaswa kuwa, ni alama mbaya kuliko ukingo wa kutu.

Buloni, gasketi, moto wa sudere

Buloni ziwe za aina moja zote, zenye alama 8.8 ku kichwa ao B7 kama ni za nyuzi pande mbili. Zikazwe kwa msalaba, ya kwanza kisha ile inayoitazama, kwa mizunguko mitatu, nguvu ikiongezwa kidogo kidogo. Bomba la kuongeza urefu wa ufunguo liachwe ku matairi ya lori. Na bridi inayovuja haikazwi presio ikiwa ndani. Shusheni presio kwanza, kila mara, hata kama mnunuzi wa mafuta amekaa pale anangoja.

Gasketi, ile mafundi wa gari wanaita joint, iwe ya grafiti ao ya nyuzi zilizobanwa kwa kazi ya mvuke, isiyo na amianti, juu vumbi la amianti linaua mapafu. Mpira wa tairi ya ndani, ambao tunaukuta kila mahali, unaiva kabla ya ngazi.

Chuma A105 kinachomelewa vizuri, lakini si kwa bageti yoyote. Kwa kazi ya presio waulizeni sudere kama ana 7018, na kama anazitunza mahali pakavu penye joto. Bageti iliyolala mu unyevu inaingiza hewa ya maji mu kovu, na ufa unaweza kuonekana siku mbili baadaye, wakati amekwisha kulipwa.

Kisha jaribio, kwa maji baridi, kamwe si kwa hewa ya kompresa. Tanki lijazwe mpaka hewa yote itoke, pampu ya mkono ipandishe presio mpaka mara 1.3 hadi 1.5 ya ile ambayo tanki lilitengenezewa, kufuatana na kanuni yake. Kama kitu kinapasuka, maji yanamwagika na presio inaanguka. Hewa ingerusha vyuma. Mu jaribio awepo mtu mwenye ujuzi wa vyombo vya presio. Ofisi ya OCC ya karibu iulizwe.

Neno kwa wale ambao hawana tanki bado na wanapika ngazi mu futi: futi iliyo wazi juu haina presio, na hayo yote hapo juu haiwahusu. Lakini tumesikia wazo la kuchomelea kifuniko ku futi ili kuni zitoshe. Tafadhali, hapana. Tole ya futi ni nyembamba, na ikifungwa juu ya moto haina mdomo wa kupumulia. Wekeni kifuniko cha majani ya migomba na gunia, kama mama zetu walivyofanya.

Ile koperative ya ziwani ilipika zile ngazi mu futi tisa zilizokopwa kwa majirani. Kazi ilidumu usiku na mchana, na sehemu ya mafuta ilikuwa na asidi ya juu, mnunuzi akashusha bei. Mjumbe aliondoka na kartoni yenye matundu manane. Alirudi siku kumi na moja baadaye na bridi mbili zenye shingo, namba ku ukingo na namba ku cheti zikiwa moja. Mama mtunza feza alizisoma yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya komite, kabla ya kutia sahihi.